Barua za Keya Siyo Karatasi za Kufungia Karanga

Mwaka jana nilinunua karanga za jero pale Kirumba. Nilipomaliza nikakunjua karatasi ili nilambe chumvi iliyobaki, nikakuta maandishi ya mkono. Wino wa buluu, herufi zimelala upande kama walivyofundishwa watu wa zamani. Mtu anamwandikia kaka yake kwamba pamba imeshapimwa lakini fedha chamani bado hazijatoka, basi avumilie kidogo kuhusu ile mahari. Juu kulia kumeandikwa 1957. Chini pamechanwa. Jina la mwandishi limekwenda na karanga za mteja mwingine.

Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, hii umeitoa wapi?" Akanitazama kama nimemuuliza maji ya ziwa yanatoka wapi. "Karatasi mimi nanunua kwa kilo, bwana." Naam. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, karatasi ina soko. Daftari za shule, mitihani ya zamani, faili za ofisi, barua za marehemu, kilo ni kilo.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame vizuri ile karatasi. Mwaka 1957 muungano wa vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda hii ya Ziwa, ule wa Victoria Federation alioujenga Paul Bomani na wenzake, ulikuwa na umri wa miaka miwili tu. TANU ilikuwa imezuiwa kufungua matawi Usukumani tangu 1954, na zuio hilo halikuondolewa mpaka 1958. Katika miaka hiyo hiyo mkulima mmoja akaketi na kalamu akaeleza jinsi fedha za chama zinavyochelewa na jinsi mahari inavyongoja pamba. Shuleni tulifundishwa habari hiyo kwa mistari miwili, tukaambiwa tukariri majibu. Hapa alikuwapo shahidi mwenyewe, nami nikamla na karanga.

Nasema waziwazi, na atakayekasirika akasirike. Sisi vijana tunaojiita waandishi tumezoea kulia kwamba Wazungu waliiba historia yetu. Ni kweli waliiba nyingi. Lakini ile waliyoisahau nyumbani kwetu, iliyomo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda vya bibi zetu, tunaichoma wenyewe wakati wa kumaliza matanga. Kwa hiyo moto hatuna wa kumsingizia.

Sizungumzii jambo la kuambiwa. Mimi ni kitukuu wa askari wa Keya. Kwa wasiojua, Keya ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililochukua vijana wetu. Vita Kuu ya Pili ilichukua Watanganyika zaidi ya 80,000. Wengine walipigana Uhabeshi na Bukini, na wengi wakafika Burma. Huko, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, katika matope na malaria, mpaka Desemba ikavuka Mto Chindwin. Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwamo katika safari hiyo. Alirudi mwaka 1946. Vitabuni hayumo. Yumo katika barua 19 ambazo bibi alizitunza ndani ya sanduku la bati, nyumba ya Mabatini, kwa miaka yote niliyomfahamu. Bibi hakujua kusoma. Alizitunza tu.

Alipofariki, tulikaa siku ya kugawa nguo zake. Sanduku likafunguliwa. Mjomba mkubwa akazichukua zile barua, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Hizi tukazichome, mpwa wangu. Zitatuletea maneno."

Maneno gani? Kila mtu katika ule ukoo anayajua. Babu yetu mkuu akiwa vitani, sehemu ya mshahara wake ilikuwa inalipwa nyumbani kupitia bomani, na kaka yake aliyebaki Magu ndiye aliyekuwa akiipokea, amnunulie ng'ombe. Katika barua tatu kutoka ng'ambo babu anauliza swali lile lile: ng'ombe wamefika wangapi? Jibu la mwisho lilikuwa kumi na wawili. Aliporudi hakukuta hata mmoja. Akahamia Mwanza mjini kutafuta kazi, hakurudi tena kuishi kwao. Tangu hapo sisi wa Mabatini tumelelewa tukijua kwamba wale wa Magu ni wezi. Harusi zao tulikwenda kwa kuchelewa. Misiba yao tulikaa kwa saa moja.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alitaka amani. Alidhani ndani ya sanduku kuna ushahidi wa wizi, na kwamba vijana wakiusoma watachukua ugomvi wa wafu na kuupeleka mahakamani. Nikamwomba, "Mjomba, nipe wiki mbili niziandike kwenye daftari, kisha nitakurudishia." Akanipa. Nilipoanza kunakili nikakuta kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

Barua 18 zilikuwa za Kiswahili, zimeandikwa na babu mwenyewe au kwa mkono wa mtu aliyemwandikia. Moja ilikuwa ya Kisukuma, ya mwaka 1951. Sisi wajukuu wa mjini Kisukuma chetu ni cha kusalimia na kununulia samaki. Tuliiona ile barua tukaipita, kama unavyopita mtu usiyemfahamu. Nikaipeleka kwa katekista mmoja mzee, akanisomea taratibu, nami nikiandika Kiswahili chake.

Ilikuwa barua ya yule kaka, yule mwizi wetu. Anatoa hesabu. Ng'ombe wanne walikwenda kwenye mahari ya mdogo wao wa mwisho, maana baba alikuwa amekufa na asingeoa. Mmoja aliuzwa mama alipougua. Wawili waliuzwa wakati wa njaa. Jumla saba. Anasema aliogopa kuandika habari hizo vitani, asimvunje moyo mtu aliye mbele ya risasi. Hapo ukurasa unakwisha, na ukurasa wa pili haupo.

Babu alijua kusoma Kisukuma. Kwa hiyo jibu alilipata mwaka 1951, akalitia sandukuni, akafunga. Sisi tulirithishwa hasira yake, jibu hatukurithishwa. Kwa miaka zaidi ya sabini tumewaita watu wezi kwa ng'ombe kumi na wawili, kumbe saba kati yao walioa, walitibu na walilisha watu ambao ni wetu sisi sote. Kama mjomba angewasha kiberiti siku ile, tungechoma utetezi wa mshtakiwa tukidhani tunaficha kosa lake.

Na wale watano waliobaki? Hapa inabidi nijishtaki mwenyewe. Nilipokuwa na miaka tisa nilitoa karatasi kadhaa kwenye lile sanduku nikatengeneza tiara. Lilipaa vizuri, likaangukia huko Igogo, sikulifuata. Bibi hakunipiga. Alikaa chini, akazihesabu zilizobaki, akafunga sanduku. Siwezi kusema kwamba ukurasa wa pili ulikuwamo katika lile tiara. Siwezi pia kusema kwamba haukuwamo. Basi ninapowasema nyinyi, jueni kwamba mshitaki naye yuko kizimbani.

Sasa nizijibu hoja za kijiweni, maana washikaji zangu waandishi wana hoja.

Ya kwanza: "Barua za babu siyo fasihi. Fasihi ni ubunifu." Hoja hii inapendwa sana na watu wenye riwaya ya kurasa kumi za mwanzo. Nawauliza, Shaaban Robert mlimsoma shuleni au mlipita tu? Alitunga utenzi mrefu kuhusu vita hivyo hivyo vya 1939 hadi 1945, ukachapwa mwaka 1967, yeye akiwa amefariki tangu 1962. Lakini kuna kitabu chake kingine ambacho wengi wetu hatukigusi: barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958. Kipindi hicho kinapita katikati ya vita na kuendelea mpaka miaka ya kudai uhuru. Mdogo mtu angeweza kuzifungia sukari. Akazitunza. Mwaka 2002 TUKI ikazichapa zikawa kitabu. Kama barua za Shaaban ni kitabu, aliyekiokoa ni mtu aliyepokea barua, akasoma, asitupe. Kazi hiyo haihitaji kipaji. Kwa hiyo hatuna kisingizio.

Na kama mnaona Tanga ni mbali, tuvuke hapa tu Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, mwaka ule ule vita vilipokwisha. Aliiandika kwa Kikerewe. Hakupata mchapaji. Ikabidi mwenyewe, uzeeni, aifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Hesabu mwenyewe: miaka 35. Akafariki 1981 kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka yote hiyo maandishi yake yaliishi kwa sababu moja tu, kwamba watu hawakuyatupa. Mchwa wangekula kurasa zile mwaka 1950, leo tusingekuwa na Kitereza wa kujivunia kwenye makongamano. Tungekuwa na mzee mmoja wa kisiwani aliyesemekana aliwahi kuandika kitu.

Hoja ya pili: "Sisi Waafrika historia yetu ni simulizi, haya makaratasi ni mambo ya kizungu." Jamani! Waambieni hivyo wale askari. Wengine waliingia jeshini hawajui herufi, wakafundishwa humo humo, wakatumia herufi hizo kuuliza habari za mama zao. Asiyejua alimwomba mwenzake amwandikie. Karatasi ile ilikuwa yao, kwa mahitaji yao. Na simulizi ninayoipenda ndiyo hiyo iliyotuambia kwa miaka sabini kwamba wa Magu ni wezi. Simulizi bila karatasi inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa fitina iliyozeeka. Bora ziwepo zote mbili zibishane.

Tena kuna jambo la kuudhi zaidi. Barua za askari zilipitia kwa wakaguzi wa jeshi. Wakaguzi wakanakili maneno ya askari wetu, manung'uniko yao kuhusu mishahara, wake na ardhi, wakayaweka kwenye taarifa za siri. Taarifa za namna hiyo zimehifadhiwa katika nyaraka za Uingereza huko Kew, London. Wanahistoria wa ng'ambo kama Timothy Parsons, Mmarekani aliyetoa kitabu kuhusu askari wa Keya mwaka 1999, wameandika historia ya babu zetu. Siwalaumu, wamefanya kazi. Lakini fikiria: mpelelezi aliyeisoma barua ya babu yako bila ruhusa ameitunza kuliko wewe uliyeandikiwa.

Na makaratasi hayo si ya kuliwaza moyo tu. Mwaka 2019 Al Jazeera walifichua waraka wa zamani wa Waingereza ulioonyesha kwamba malipo ya kuwaaga askari baada ya vita yalipangwa kwa rangi. Mwafrika aliweza kupata theluthi tu ya alichopewa mzungu wa cheo kile kile. Wazee walikuwa wamenung'unika kwa miaka mingi. Waraka mmoja ukawafanya watu wasikilize. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa wakitumikia dola ya Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu wamo humo. Mtu asiyeandikwa popote anaweza kufa mara mbili, na mara ya pili hakuna hata anayeleta sanda.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya mjomba: aibu. Barua zina siri. Zina madeni, zina watoto wa nje, zina maneno ambayo mume alimwambia mkewe akidhani watasoma wawili tu. Je, marehemu hana haki ya kusitiriwa? Anayo. Ndiyo maana nasema kutunza ni kitu kimoja, kuchapa ni kitu kingine. Katika zile 19 kuna mbili ambazo nimezinakili na hutaziona gazetini wala riwayani mpaka wenye kuhusika wote waridhie. Hapa penyewe sijataja jina la mtu hata mmoja. Siri inaweza kufungwa kwenye bahasha kwa miaka hamsini ikangoja. Jivu halingoji kitu.

Nami nina neno kwa waandishi wenzangu, ambao hawachomi lakini wana kosa lingine: wanapamba. Barua moja ya babu, ya Machi 1944, ina mstari uliokatwa kwa wembe na mkaguzi. Kabla ya pengo anasema wamesikia habari mbaya za wenzao. Baada ya pengo anaulizia mbegu za pamba. Mimi najua kwamba tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, ikafa na watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wetu wa mizinga. Mkono ukaniwasha. Nikataka kuandika katika nakala kwamba babu alikuwa anawalilia wale wa meli. Riwaya yangu ingepata sura nzuri sana. Lakini sijui alichoandika. Katika riwaya nitabuni, na msomaji atajua nabuni. Katika daftari la nakala nimeandika: hapa pamekatwa. Ukilijaza pengo la babu yako kwa maneno yako, umemkagua mara ya pili.

Basi tufanye nini? Mambo ni madogo na hayahitaji mfadhili wala semina.

Nenda kwa bibi yako kabla ya matanga, siyo baada. Mwulize sanduku liko wapi, kisha mwulize majina: huyu aliyeandikiwa ni nani, huyu anayesalimiwa mwishoni alikuwa nani. Karatasi itaishi baada yake, lakini majina ataondoka nayo. Nakili kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia, maana namna mtu alivyokosea inaonyesha namna alivyosema. Usibandike selotepu, hugeuka njano na kuila karatasi. Usiache barua juu ya dari linalovuja. Piga picha pia, lakini usitegemee simu peke yake; wangapi mmeangusha simu kivukoni Kamanga zikaenda na kila kitu? Weka nakala nyumba mbili. Barua ikiwa kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, tafuta msomaji leo, maana wasomaji hao wanapungua kila mwaka. Kule Bujora, Kisesa, ngoma za watemi zimetunzwa, na karatasi za Hans Cory, yule Mzungu wa serikali ya kikoloni aliyeandika sheria za Wasukuma, zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watemi wana pao na Cory ana pake. Babu yako asiye na cheo ana wewe tu.

Kisha zisomeni barua hizo kwa sauti, ukoo mzima ukiwapo.

Sisi tulifanya hivyo. Wiki mbili zilipokwisha nilimrudishia mjomba barua zake, na juu yake nikaweka ile ya Kisukuma na tafsiri yake. Akasoma, akavua miwani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nani mwingine amesoma hii?" Nikamwambia mimi na katekista. Jumapili iliyofuata tulipanda basi kwenda Magu, mjomba akiwa ameshika bahasha kifuani kama cheti cha hospitali. Mjukuu wa yule kaka alitupokea kwa mashaka. Hatukuwa watu wa kufika bila msiba. Mjomba akawapa shikamoo wazee wa pale, akaketi, akasoma. Alipofika kwenye ng'ombe wanne wa mahari, ajuza mmoja pembeni akasema, "Huyo alikuwa mama yangu."

Hatukukumbatiana wala kulia. Tulikula ugali na sato, tukabishana kuhusu wale watano. Wao wanasema walikufa kwa ugonjwa. Mjomba hakusadiki sana. Mimi nikawaeleza habari za tiara, wakanicheka, kisha wakaacha kucheka. Lakini tulipoaga, yule ajuza alinivuta kando akaniambia naye ana sanduku, lina karatasi za baba yake, na kwamba mkwewe amekuwa akitaka kuzitupa ili apate pa kuweka nguo.

Nakwenda huko mwezi ujao na daftari jipya. Wewe msomaji, sanduku la kwenu liko chini ya kitanda cha nani?